JOHN WESLEY, MTUMISHI ALIYEHESABU SAA ZAKE
(1703 – 1791)



Tunajua namna siku ya mchungaji inavyokwenda. Jua halijatoka, mtu yuko mlangoni: kuna kilio kwa jirani. Kabla mchungaji hajavaa viatu, mwingine anafika: mtoto ana homa, aombewe. Saa nne kuna kikao cha komite, saa nane kuna bwana na bibi wenye magomvi, jioni kwaya inafanya mazoezi na wanataka baba mchungaji awepo. Wengi pia wana kazi ya mikono, shamba, duka ao darasa la kufundisha, kwa sababu sadaka peke yake hailishi nyumba. Usiku anafungua Biblia kutafuta mahubiri ya Jumapili, na usingizi unamshika juu ya kitabu. Jumapili anasimama mbele ya watu mikono mitupu. Na watoto wake wanamjua kama mgeni anayekuja kulala tu.

Jambo hili si dogo. Wako watumishi waliochoka mpaka moyo ukakauka. Ziko nyumba zilizovunjika huku baba akijenga nyumba ya Mungu. Mtume Paulo aliwaagiza Waefeso waukomboe wakati (Waefeso 5:15-16), na sala ya Musa inaomba Mungu atufundishe kuzihesabu siku zetu (Zaburi 90:12). Lakini kuhesabu kunafanywa namna gani?

Kwa hiyo katika ukurasa huu wa maisha ya watumishi wa zamani tunawaletea habari za John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti. Hapa Katanga Wamethodisti wanajulikana tangu mwanzo wa karne ya 20, na wengi wetu tuna ndugu kati yao. Yeye hakuwa wa kanisa letu, lakini mwenye kiu hakatai maji ya kisima cha jirani. Tutaeleza alivyofaulu, na tutaeleza pia alipopungukiwa, maana mambo yote mawili yanafundisha.

1. Nyumba yenye utaratibu

John Wesley alizaliwa mwaka 1703 katika kijiji cha Epworth, Uingereza. Baba yake, Samuel, alikuwa mchungaji mwenye madeni. Mama yake, Susanna, alizaa watoto 19, na 10 ndio waliokua. Mama huyu hakuwa na fedha wala wasaidizi wengi, lakini alijua kupanga siku. Watoto walikula kwa saa yao na kulala kwa saa yao. Kila siku aliwafundisha mwenyewe masomo saa sita, tatu asubuhi na tatu mchana. Yeye mwenyewe alikuwa na nyakati zake za kujitenga kuomba.

Tena alifanya jambo moja ambalo tunawaomba mlikumbuke mpaka mwisho wa habari hii. Kila jioni ya juma aliitenga kwa ajili ya mtoto wake mmoja, kukaa naye peke yake na kuzungumza juu ya roho yake. Alhamisi ilikuwa jioni ya John. Alipokuwa mtu mzima, John alikuwa bado anaikumbuka Alhamisi ile.

Mwaka 1709, John akiwa na miaka mitano, nyumba yao iliwaka moto usiku. Watu wote walitoka, yeye akabaki juu. Ngazi hakuna. Mtu mmoja akasimama juu ya mabega ya mwenzake akamvuta dirishani, na papo hapo paa likaanguka. Tangu siku ile mama yake aliamini kwamba Mungu amemwacha mtoto huyu kwa kazi fulani, na John mwenyewe alijiita kijinga kilichonyakuliwa motoni. Mtu anayejua kwamba siku zake ni zawadi hazitupi ovyo.

2. Reveye ya Oxford

Mwaka 1720 aliingia Chuo Kikuu cha Oxford. Mwaka 1725 aliwekwa kuwa shemasi, na mwaka 1728 akawa kasisi wa Kanisa la Uingereza. Katika mwaka ule wa 1725 alisoma mabuku ya askofu Jeremy Taylor juu ya kuishi na kufa katika utakatifu. Fundisho la kwanza lililomgusa lilikuwa kutunza wakati. Akaanza kuandika katika kaye jinsi anavyotumia siku zake. Kazi hiyo aliendelea nayo, pengine kwa kuachilia kidogo, mpaka siku za mwisho wa maisha yake. Aliandika kwa alama fupifupi za siri, na baadaye akafika kuandika saa kwa saa: saa fulani sala, saa fulani kusoma, saa fulani kuzungumza na nani, na pembeni hali ya moyo wake.

Ni wakati ule wa ujana pia alipogundua jambo juu ya usingizi. Kila usiku aliamka saa sita ao saa saba na kukaa macho muda mrefu. Akajiuliza: kama ninaamka hivi, je, si kwa sababu ninakaa kitandani kuliko mwili unavyohitaji? Akanunua saa ya kuamsha, ile tunayoita reveye. Siku ya kwanza iliamsha saa moja asubuhi; usiku uliofuata akakaa macho tena. Akaiweka saa kumi na mbili, vilevile. Akaiweka saa kumi na moja, bado. Akaiweka saa kumi ya alfajiri, na usiku ule akalala bila kuamka. Tangu hapo saa kumi ikawa saa yake, na miaka 60 baadaye alikuwa bado anaifuata.

Tuangalie vizuri. Watumishi wengine wanadhani kukesha kila usiku ni utakatifu. Wesley hakufanya hivyo. Alitafuta kipimo cha mwili wake, akakipata: saa sita na nusu. Na kwa kuwa aliamka saa kumi, alilala mapema, kati ya saa tatu na saa nne usiku. Alipofundisha wengine juu ya jambo hili, alisema haiwezekani kuweka kipimo kimoja kwa watu wote. Kila mtu apime mwili wake mbele za Mungu, asiuibie na asiubembeleze.

3. Jina la mzaha

Mwaka 1729 John aliungana na mdogo wake Charles na vijana wengine wachache wa Oxford. Walisoma Biblia pamoja, walifunga siku za Jumatano na Ijumaa, walishiriki Meza ya Bwana, na kuanzia mwaka 1730 walitembelea wafungwa na kufundisha watoto wa maskini. Wanafunzi wengine waliwacheka wakawaita Wamethodisti, maana yake watu wa utaratibu, watu wa kufanya kila kitu kwa kanuni. Jina la kicheko likawa jina la kanisa.

Fedha pia alizipangia. Mwaka mmoja alipata pauni 30, akaishi kwa 28, akatoa 2. Mwaka uliofuata akapata 60. Akaishi kwa 28 zilezile, akatoa 32. Alipopata 90 alitoa 62. Mapato yaliongezeka, matumizi yakabaki pale pale. Ndivyo alivyotaka kufanya na saa zake: zile anazookoa ziwe za watu.

4. Siku moja ndani ya meli

Mwezi wa Oktoba 1735 John na Charles walipanda meli kwenda Georgia, koloni la Waingereza huko Amerika, pamoja na wenzao wawili. Safari ya bahari ilikuwa ya majuma mengi. Watu katika meli hulala, hucheza karata, hungoja pwani. Wao waliweka programu. Tunaiandika hapa kwa saa zetu, ili kila mchungaji aione:

Saa 10 mpaka saa 11 alfajiri: kila mtu sala yake ya siri.
Saa 11 mpaka saa 1: kusoma Biblia pamoja, wakilinganisha na mafundisho ya wazee wa kanisa la kwanza.
Saa 1: chakula cha asubuhi.
Saa 2: sala pamoja na abiria wote.
Saa 3 mpaka saa 6: kila mtu kazi yake. John alijifunza Kijerumani, Charles aliandika mahubiri, mmoja alijifunza Kigiriki, mwingine alifundisha watoto.
Saa 6: kukutana na kuelezana kila mmoja amefanya nini tangu walipoachana, na atafanya nini baadaye.
Saa 7: chakula.
Kisha mpaka saa 10 jioni: kuwasomea ao kuzungumza na wale kila mmoja aliopewa kuwatunza.
Saa 10: sala ya jioni.
Saa 11 mpaka saa 12: tena sala ya siri.
Saa 12 mpaka saa 1 usiku: kuwasomea abiria wachache.
Saa 1: kuabudu pamoja na Wajerumani waliokuwa katika meli.
Saa 2: kukutana wenyewe kwa wenyewe kuonyana na kufundishana.
Kati ya saa 3 na saa 4: kulala.

Mnaona, wapendwa: sala iko mwanzo, katikati na mwisho. Kusoma kuna mahali pake na watu wana mahali pao. Na katikati ya siku kuna kusimama na kutoa hesabu mbele ya wenzake. Mpango ambao hakuna ndugu anayeujua ni rahisi kuuvunja.

5. Kuni bila moto

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wapenda kanuni hawapendi kusikia. Katika bahari ileile, mwezi wa Januari 1736, tufani ilipiga meli. Waingereza walipiga kelele za hofu. Wale Wajerumani, waitwao Wamoraviani, wakaendelea kuimba zaburi yao pamoja na wake zao na watoto. Wesley aliona kwamba wao wana kitu ambacho yeye, pamoja na programu yake yote, hana. Yeye aliogopa kufa.

Huko Georgia kazi haikufaulu. Alikuwa mkali mno katika sheria. Alimnyima Meza ya Bwana mwanamke kijana ambaye mbele alitaka kumwoa na ambaye aliolewa na mtu mwingine. Jamaa walimshitaki, na mwezi wa Desemba 1737 akaondoka usiku. Alirudi Uingereza mwenye huzuni, akisema moyoni kwamba alikwenda kuongoa wengine naye mwenyewe hajaongoka.

Tarehe 24 Mei 1738, jioni, aliingia katika kusanyiko dogo la London, njia ya Aldersgate, ambapo mtu alikuwa anasoma utangulizi wa Luther juu ya Waraka kwa Warumi. Karibu saa tatu usiku kasoro robo alisikia moyo wake unapata joto la ajabu, akajua kwamba Kristo ameondoa dhambi zake, hata zake yeye. Hata saa aliiandika!

Sisi wa kanisa la kinabii tunaelewa neno hili upesi: Roho asipokuwepo, utaratibu ni kuni zilizopangwa vizuri ndani ya jiko baridi. Lakini wengi wetu tunahitaji pia kusikia upande wa pili. Moto bila kuni zilizopangwa unawaka usiku mmoja na asubuhi ni majivu. Wesley alipopata moto hakutupa kaye yake. Aliamka saa kumi kama zamani, sasa kwa furaha.

6. Ibada kabla ya kazi

Mwezi wa Aprili 1739, huko Bristol, alianza kuhubiri nje, uwanjani, mbele ya watu karibu 3,000. Makanisa mengi yalikuwa yamemfungia milango. Akawafuata wachimba makaa, wafumaji, wavuvi, watu wa migodi ya bati huko Cornwall.

Alihubiri mara nyingi saa kumi na moja ya alfajiri. Kwa nini saa ile? Kwa sababu mfanyakazi anaingia kazini mapema, na jioni amechoka. Watu wa Kolwezi na Likasi wanajua maisha ya mgodi, hawahitaji kuelezwa. Wesley aliuliza kwanza saa za watu, halafu akapanga saa zake. Na akisema saa kumi na moja, ni saa kumi na moja. Katika kanuni alizowapa wahubiri wake, ya kwanza iliwataka wawe na bidii, wasikae bure na wasishughulike na upuuzi. Na waliagizwa kufanya kila jambo kwa wakati wake hasa. Mchungaji akichelewa saa moja mbele ya watu 200 wanaongoja, amepoteza saa 200 ambazo si zake.

Kwa zaidi ya miaka 50 alizunguka hivyo, sehemu kubwa juu ya farasi. Inahesabiwa kwamba alisafiri maili 250,000, yaani kilomita kama 400,000, na kwamba alihubiri mara 40,000. Njiani aliachilia hatamu akasoma mabuku juu ya mgongo wa farasi. Wengi wetu tunakwenda paruasi kwa paruasi kwa miguu, kwa kinga ao ndani ya gari lililojaa watu, na hatuwezi kusoma barabarani. Lakini kila njia ina dakika zake: kutafakari andiko moja, kuombea wagonjwa kwa majina. Saa ya njiani nayo inaingia katika hesabu.

7. Kugawanya mzigo

Mtu mmoja hawezi kuchunga maelfu. Wesley alilijifunza jambo hili kwa njia ya deni. Tarehe 15 Februari 1742 waamini wa Bristol walikutana kuzungumza jinsi ya kulipa deni la jengo lao. Kapteni mmoja wa meli, jina lake Foy, akashauri kila mtu atoe peni moja kwa juma. Mwingine akasema maskini hawawezi. Foy akajibu: nipeni kumi na mmoja walio maskini kabisa, nitawatembelea kila juma, na asiyeweza, nitamtolea mimi.

Ndivyo ilivyoanza. Viongozi walipokwenda kukusanya peni, waliona mengine: huyu mgonjwa, huyu amerudia ulevi, nyumba ile kuna ugomvi. Wakamletea Wesley habari. Akaona kwamba Mungu amempa alichokitafuta siku nyingi. Akagawanya waamini wote katika vikundi vya watu kama 12, kila kikundi na kiongozi wake, mwanamume ao mwanamke. Yeye aliwatunza viongozi, viongozi wakawatunza watu. Ni shauri lilelile Yethro alilompa Musa alipomwona amekaa tangu asubuhi mpaka jioni akiamua mambo peke yake (Kutoka 18).

Kukubali hakukuwa rahisi. Thomas Maxfield, msaidizi ambaye hakuwa kasisi, alipoanza kuhubiri London, Wesley alirudi haraka amzuie. Mama Susanna, aliyekuwa mzee sasa, alimwambia mwanawe amsikilize kwanza, kwa kuwa aliona kijana yule ameitwa kweli na Mungu kama yeye. Wesley akasikiliza, akanyamaza, akakubali. Kuanzia mwaka 1744 alikutana na wahubiri wake kila mwaka kupanga kazi.

8. Haraka bila fujo

Samuel Johnson, mwandishi mkubwa wa kamusi ya Kiingereza, alipenda mazungumzo ya Wesley lakini alilalamika: mtu huyu hana nafasi kamwe, saa ikifika, anaondoka, wakati wengine wanataka kukunja miguu na kuzungumza mpaka mwisho.

Lakini yeye mwenyewe, katika barua ya mwaka 1777, alimweleza rafiki kwamba ingawa ni mwepesi siku zote, hana fujo, kwa sababu hachukui kazi kuliko anavyoweza kuifanya kwa utulivu wa roho. Aliongeza kwamba safarini yuko peke yake ndani ya gari lake hata saa kumi kwa siku, kama mtu aliye jangwani, na siku nyingine hapungukiwi saa tatu za upweke.

Hapa ndipo penye siri, wapendwa. Tungedhani mtu wa kazi nyingi namna ile alikubali kila jambo. Kumbe alikataa mengi. Kazi ambayo ingemwondolea utulivu aliiacha ao alimpa mwingine. Mchungaji anayesema ndiyo kwa kila mtu anafika kwa mgonjwa huku moyo wake uko tayari kwenye kikao kinachofuata. Mgonjwa anajua. Saa zinapangwa ili ukikaa karibu na kitanda cha mtu, uwe pale kweli.

Mwili nao ulimfundisha. Mwishoni mwa mwaka 1753 aliugua sana, hata akaandika maneno ya kuwekwa juu ya kaburi lake. Waganga wakamkataza kuhubiri na kusafiri. Alikubali kupumzika, na katika majuma yale, kuanzia Januari 1754, aliandika maelezo yake ya Agano Jipya.

9. Hesabu iliyokosa ukurasa

Tungeishia hapa tungekuwa tumewadanganya. Mwezi wa Februari 1751 Wesley aliteleza juu ya barafu kwenye daraja la London akaumia mguu. Akapelekwa kwa mjane mmoja, Mary Vazeille, mama mwenye watoto, akamtunza. Siku chache baadaye wakaoana. Lakini Wesley alikuwa na neno moyoni, kwamba mhubiri akioa asipunguze hata safari moja. Baada ya majuma machache alikuwa njiani tena. Bibi alijaribu kusafiri naye kwenye mvua na matope, akashindwa. Akabaki na wivu na hasira, na barua nyingi ambazo wanawake wa vikundi walimwandikia bwana wake zikaongeza moto. Aliondoka akarudi, akaondoka tena. Mwaka 1781 alipokufa, Wesley hakujua. Habari ilimfikia wakati maziko yamekwisha.

Hatumhukumu, wala hatusemi kosa lilikuwa la mmoja. Lakini tuangalie makaye yale, yenye kila saa tangu saa kumi ya alfajiri. Yalikuwa na mahali pa wafungwa, pa wachimba migodi, pa wahubiri, pa mabuku. Jioni ya Mary haikuandikwa. Mtoto aliyekuwa na Alhamisi yake kwa mama hakumpa mke wake Alhamisi. Mdogo wake Charles alifanya namna nyingine: alioa mwaka 1749, miaka michache baadaye akapunguza safari, akakaa na mke na watoto, na nyimbo zake maelfu hazikupungua kwa ajili hiyo. Kanisa lilipata faida kwa wote wawili.

10. Mwisho wa safari

Uzeeni aliendelea. Mwaka 1774 alikuwa ameandika kitabu dhidi ya utumwa, na tarehe 24 Februari 1791 alimwandikia mbunge William Wilberforce kumtia moyo asichoke kupigana na biashara ya watumwa. Watu wa Kongo, ambao wazee wao walipelekwa ng'ambo ya bahari kwa minyororo, wanajua thamani ya barua ile. Siku moja kabla yake alikuwa amehubiri mahubiri yake ya mwisho. Alikufa London tarehe 2 Machi 1791, mwenye miaka 87. Alitaka jeneza lake lichukuliwe na maskini sita, walipwe kila mmoja shilingi 20. Alizikwa alfajiri mapema, karibu na saa ile ambayo maisha yake yote aliamka kuhubiri. Aliacha waamini zaidi ya 70,000 katika vikundi vyake.

Yanayotupasa sisi

Papa Simon Kimbangu alifanya kazi yake mbele ya watu tangu tarehe 6 Aprili 1921 mpaka tarehe 12 Septemba mwaka uleule. Ni miezi mitano tu. Kisha wakamhukumu, wakamleta Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, akakaa gerezani miaka 30 mpaka alipofariki tarehe 12 Oktoba 1951. Wesley alipewa zaidi ya miaka 50 barabarani. Kipimo si chetu. Mungu anaweza kujaza miezi mitano kuliko karne. Lakini hakuna kati yetu anayejua amepewa mingapi, na kwa hiyo hakuna mwenye ruhusa ya kutupa hata siku moja. Tunaimba Bolingo, Mibeko, Misala: upendo, amri na kazi. Kazi bila upendo nyumbani imekatwa mguu mmoja.

Basi, ndugu mchungaji, tunakuomba ufanye mambo machache. Usiku, kabla ya kulala, andika katika kaye yako mambo matatu ao manne ya kesho, si kumi na mawili. Sala na Neno yatangulie, kabla mlango haujabishwa. Chagua siku ya kutembelea wagonjwa, na siku ya kutayarisha mahubiri, ukiwajulisha mashemasi na wamama ili wakusaidie kuzilinda. Acha sehemu ya siku bila kuandika kitu, kwa sababu kilio hakitoi taarifa. Gawanya watu wako kwa viongozi waaminifu, na ukisha kuwapa kazi, waachie waifanye. Anza ibada kwa saa uliyotangaza. Asiye na saa ya mkono anao majogoo na jua. Lala usingizi unaokutosha.

Na katika kaye ileile, andika jioni ya mke wako, na jioni ya kila mtoto, kwa jina lake. Mtu akija jioni ile kwa jambo linaloweza kungoja, mwambie kwa upole arudi kesho. Hutakuwa umemnyima mtumishi wa Mungu. Utakuwa umemtunzia mtumishi ambaye kesho bado atakuwepo.

Bwana aliye na nyakati zote mkononi mwake abariki kuamka kwenu na kulala kwenu, kutoka kwenu na kurudi kwenu nyumbani. Amina.